Mvuvi wa Quillan Aliyechoka Kusema "Hakuna"

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kabla hakujapambazuka, Arlys Tveit anaegesha pikapu yake kando ya daraja la mto Quillan, anashuka, anabamiza mlango kwa kishindo cha kusikiwa na yeyote aliye karibu, kisha anaanza kutembea kuelekea mahali ambapo haendi.

Anafuata ukingo wa mto kwa dakika tano. Anasimama nyuma ya msonobari, anasikiliza. Akisharidhika kwamba hakuna anayemfuata, anageuka, anavuka barabara na kuingia msituni upande wa pili. Mvua nyembamba inanyesha, kama inavyonyesha tangu Novemba.

"Usiwashe tochi," anamwambia mwandishi. "Na simu yako izime kabisa. Nimesema uizime, sio kuificha mfukoni."

Safari inachukua dakika arobaini, kwa kupanda, kushuka na kupita chini ya magogo yaliyoota kuvu. Mwandishi ana hakika kwamba gogo moja lenye umbo la ngamia amelipita mara mbili. Alipouliza, Arlys alijibu kwamba misitu ya pwani ya Oregon ina magogo mengi.

Hatimaye mto unasikika, na hapo ndipo kilipo kilindi chake: maji ya kijani yanayokwenda polepole nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo mama huyu wa miaka 61 amevua kila majira ya baridi tangu alipokuwa na miaka 24. Mume wake hajawahi kupaona. Mwandishi ameruhusiwa kufika baada ya kuahidi kwamba hatapataja.

Arlys anavaa suruali ya mpira inayomfika kifuani, yenye viraka vinne magotini. Kwenye ncha ya mshipi anafunga spina, kijibati cha shaba kinachozunguka majini, chenye ushanga mmoja mwekundu na ndoana moja isiyo na kishika, ule mwiba wa kumzuia samaki asichomoke. Ameitengeneza mwenyewe gerejini kwake, akaijaribu kwenye beseni la kuogea, na kuitupa kando mara mbili kabla ya kuikubali.

"Baridi hii samaki ni kama mtu aliyeamshwa mapema," anasema. "Hakimbilii kitu. Ni lazima umpitishie chakula mdomoni, tena polepole, kwa adabu."

Anaitupa spina ng'ambo, juu kidogo ya jiwe. Anaiacha izame. Kisha hafanyi lolote la maana kwa macho ya mgeni: anashikilia fimbo tu, mkondo unaizungusha spina na kuileta upande wa ukingo, na yeye anasikiliza kwa vidole. Bati likizunguka sawasawa, anasema, mkono unalisikia likipiga. Likinyamaza, ama limegusa jiwe ama limegusa mdomo.

Mtupo wa kumi na moja, linanyamaza.

Baada ya dakika sita za kuvutana, stilihedi wa kilo nne yuko kwenye maji mafupi, ubavu wake uking'aa kama sufuria mpya. Samaki huyu huzaliwa mtoni, huenda kukulia bahari kuu, na hurudi Quillan majira ya baridi. Arlys hamtoi majini bado. Anapitisha kidole gumba mgongoni, karibu na mkia, mahali panapotakiwa kuwa na pezi dogo laini. Hakuna pezi. Kuna kovu lililopona.

"Wa kituo," anasema.

Samaki wa kituo hutotoleshwa na serikali kwenye kituo cha vifaranga na kukatwa pezi hilo angali mdogo. Huyo unaruhusiwa kumla. Mwenye pezi ni wa asili, na ukimkamata unamrudisha hapo hapo, bila kumpiga picha ya kujitangazia.

Wakati Arlys anamfunga samaki kwenye gunia lililoloweshwa, gari kubwa linasikika likipita mahali fulani juu, nyuma ya miti, karibu mno kwa watu waliotembea dakika arobaini msituni. Dereva anabadilisha gia. Mwandishi anauliza ni gari gani.

"Malori ya magogo," Arlys anajibu haraka, bila kuinua kichwa.

Waliporudi karibu na daraja, gari jeupe la karani wa samaki lilikuwa limeegeshwa nyuma ya pikapu. Hapo ndipo mwandishi aliposhuhudia jambo ambalo bila shaka mama huyu angependa lisiandikwe. Arlys aliinama, akausukuma mzigo wake chini ya majani ya mtoni, akajipangusa mikono na kutokea barabarani akiwa na uso wa mtu aliyekosa kila kitu.

Karani anaitwa Marisela Ocampo, ana miaka 27. Kazi yake ni kuzunguka mto mzima, kuuliza kila mvuvi amepata nini na kuandika kile alichokiona kwa macho.

"Habari za asubuhi, mama Tveit. Umepata?"

"Hakuna."

Marisela alishusha kalamu yake kuandika sifuri. Arlys alimtazama akiandika. Midomo yake ilicheza, akafumba macho kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Usiandike," alisema. "Nimekudanganya. Yuko kwenye majani. Ngoja nikuletee."

"Mama Tveit," alisema Marisela taratibu, "si ni wewe uliyesimama dukani siku kumi zilizopita ukawaambia watu wote waache kunidanganya?"

"Ni mimi. Neno lenyewe linatoka tu."

Samaki huyo aliandikwa kuwa wa 104. Ng'ambo ya barabara, ndani ya pikapu ya kijivu yenye kioo kilichoingia ukungu, mzee mmoja alikuwa amekaa akinywa kahawa na kuona kila kitu.

Ili kuelewa kwa nini neno moja limemtoa jasho mwanamke mzima, ni lazima kuelewa Quillan. Kwenye mto huu "hakuna" si jibu. Ni salamu. Watu huegesha magari pasipo pao. Huvaa buti za mume, au za mke, ili nyayo zisisomeke. Mtu aliyepata samaki wawili kabla ya kifungua kinywa huingia duka la Bettendorf akilalamika kwamba mto umekufa, na wote waliomo humpa pole huku wakitazama kama ana magamba kwenye mikono ya koti.

"Baba alinifundisha kudanganya kabla hajanifundisha kutupa mshipi," anasema Arlys. "Alisema ukitaja samaki mmoja leo, kesho Portland nzima imesimama juu ya jiwe lako."

Mwandishi wa makala haya amevua Quillan kwa miaka kumi na miwili na hana ubavu wa kumcheka mtu. Mara moja alimficha samaki kwenye begi la nepi za mwanawe, na kumtazama karani usoni.

Arlys alifanya kazi kiwanda cha mbao kwa miaka kumi na tisa, mpaka kilipofungwa. Tangu hapo anaishi kwa mto. Spina zake huuzwa dukani kwa Bettendorf kwa dola saba kila moja. Pia huwatembeza wavuvi wageni ukingoni kwa dola mia mbili kwa siku, na majira yote ya baridi, mafuriko yakimpa nafasi, hupata siku arobaini hivi za kazi. Mumewe, Merle, ni dereva wa basi la shule. Mapato hayo mawili ndiyo yanayoendesha nyumba yao.

Desemba iliyopita ofisi inayosimamia mito ilibandika tangazo kwenye mlango wa Bettendorf. Lilisema kwamba kila Aprili vifaranga elfu arobaini hushushwa Quillan, ilhali msimu uliopita karani aliona samaki sitini na mmoja tu wa kituo waliovuliwa mto mzima. Ikiwa hadi mwisho wa Februari mwaka huu hawatafika mia nne, vifaranga wa Aprili watapelekwa mto mwingine, kusini.

Bila samaki wa kituo, hakuna atakayeruhusiwa kubeba samaki nyumbani. Na mgeni asiyebeba samaki, Arlys anajua, hamlipi mtu kumtembeza kwenye mvua.

"Nilisoma tangazo mara tatu," anasimulia. "Sitini na mmoja. Mimi na wageni wangu peke yetu tulitoa sabini na wanne msimu ule. Nikasema, Mungu wangu, hao si samaki waliokwisha. Hao ni sisi tunaowaficha."

Alinyamaza Desemba yote na nusu ya Januari. Anakiri alitumaini wengine watasema kweli, naye aendelee kudanganya. Karani alipofika tisini na sita huku siku zikiyoyoma, alisimama katikati ya duka siku ya Jumamosi, kahawa mkononi, akawaambia wavuvi kumi na tano waliokuwemo kwamba wanajimaliza wenyewe. Mwambieni Marisela idadi, alisema. Mahali si lazima.

Wa kwanza kujibu alikuwa Orville Pruett, miaka 72, dereva mstaafu wa malori ya magogo na hasimu wake wa miaka mingi.

"Idadi ikipanda, wageni watajaa," alisema. "Wageni wakijaa, nani anauza spina?"

"Orville, nimekaa nikifikiria vifaranga."

"Unafikiria dola saba saba."

"Wewe mwenyewe mwaka jana ulitoa wangapi?"

"Hakuna kitu," alisema Orville, na duka zima likaangua kicheko.

Ni haki kusema kwamba hata mwandishi alijiuliza swali la Orville. Spina huuzwa kwa tumaini, na tumaini huuzwa kwa idadi. Arlys alipoulizwa jambo hilo waziwazi, hakukasirika. Alisema angekuwa Orville, naye asingemwamini Arlys.

Kwa hiyo unaweza kufikiria furaha ya mzee huyo kule darajani, ndani ya pikapu yake ya kijivu, alipomwona mhubiri wa ukweli akizika samaki kwenye majani. Kabla ya saa nne asubuhi duka zima lilikuwa na habari. Arlys alipoingia kuleta spina dazeni moja, Orville alikuwa akimsubiri.

"Karibu, mama mkweli. Majani yanasemaje?"

"Nilimwambia karani mwenyewe."

"Ulimwambia kwa sababu uliniona."

"Sikukuona, mzee wangu. Kioo chako kina uchafu wa tangu mwaka jana."

Watu walicheka, lakini walikuwa upande wa Orville, na Arlys alijua. Orville akasogeza kikombe chake pembeni. "Basi fanya hivi," alisema. "Unataka tukuamini? Tuonyeshe kilindi chako. Mbele ya wote. Halafu nitamwambia yule binti hata idadi ya meno yangu."

Kwenye Quillan mtu anaweza kukuomba nyumba, anaweza kukuomba hata figo. Hilo halijawahi kuombwa.

Arlys anasema alitazama spina kwenye ubao wa duka, akahesabu siku zilizobaki, akasikia sauti yake ikisema Jumamosi, saa mbili asubuhi. Alipofika nyumbani hakumwambia Merle. Aliwasha taa ya gereji na kufua vijibati vya shaba mpaka chakula cha jioni, bila kutengeneza hata kimoja cha kuuzika.

Jumamosi walikuja kumi na mmoja, pamoja na Marisela na ubao wake wa kuandikia. Merle naye alikuja, kwa sababu habari alizipata dukani. Msafara wa magari ulimfuata Arlys ukivuka daraja bila kusimama. Hakuingia msituni. Aliendesha barabara kuu ya kwenda shule mpaka kona iliyo nyuma ya nyumba ya kina Sorensen, akasimama, akaruka chuma cha pembeni mwa barabara na kushuka. Dakika sita baadaye wote walikuwa wamesimama mbele ya maji ya kijani na jiwe kubwa.

Mwandishi alilikumbuka gogo lenye umbo la ngamia.

Merle alitazama jiwe, akatazama barabara juu. Ni mtu mpole, asiyesema mengi.

"Hapa?"

"Hapa."

"Napita hapa mara mbili kwa siku, Arlys. Miaka ishirini na mbili."

"Najua. Nakusikia ukibadilisha gia."

Hakuna aliyecheka. Merle aligeuka akawa anatazama maji, na ilionekana wazi kwamba ameumia. Arlys alimshika kiwiko. Yeye hakukiondoa kiwiko, lakini pia hakugeuka.

Orville ndiye aliyewarudisha watu kwenye shughuli. Alizunguka jiwe, akapima kina kwa kijiti, akainusa hewa.

"Hiki si chenyewe," alitangaza. "Kilindi chini ya barabara? Ametuleta kwenye cha kuonyeshea wageni. Chenyewe kiko mbali huko, kwenye hiyo njia ya dakika arobaini wanayoisimulia wageni wake."

Kadhaa waliitikia kwa kichwa. Mmoja alisema naye alishaanza kushuku tangu walipopita daraja. Marisela alishusha ubao wake. Kwa dakika nzima ilielekea kwamba Arlys ametoa siri yake ya miaka thelathini na saba na hakuna hata mtu mmoja aliyeipokea.

Alimpa Orville fimbo yake.

Orville aliigeuzageuza spina, akaing'ata kuona kama ni shaba kweli, akaitupa. Mtupo wa kwanza, kimya. Wa pili, alimkodolea Arlys jicho. Wa tatu, alifungua mdomo kusema neno, na fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini.

Mzee huyo hakuvua vibaya, tumpe haki yake. Aliteremka na samaki hatua thelathini, akamlegezea pale ilipobidi, akamleta kwenye maji mafupi. Alipitisha kidole gumba mgongoni. Kovu. Akamwinua, akasimama na kilo tano za stilihedi mikononi, maji yakimtiririka mpaka kwenye buti. Marisela alimsogelea na ubao wake, akamuuliza kama sheria ya kazi inavyotaka, kama vile hakuona chochote.

"Habari za asubuhi, mzee Pruett. Umepata?"

Watu wote walisikia Orville akianza. "Ha..." Akakwama. Akamtazama samaki, akamtazama Arlys.

"Mmoja," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Andika mmoja."

Marisela aliandika.

"Na kwenye pikapu yangu wako wawili wa jana," aliongeza. "Ndani ya tairi la akiba. Nenda ukawaone mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya."

Baada ya hapo ilikuwa kama foleni ya kitubio. Mmoja alikuwa na samaki chini ya kiti cha mtoto. Mwingine alikuwa naye ndani ya kifuko cha gita, na tangu alfajiri alikuwa akishikilia kwamba anakwenda kanisani kupiga. Marisela aliandika kumi na tisa kabla ya saa tano.

Gharama ilikuja haraka. Jumatatu watu kumi na wanne walisimama kwenye kilindi cha Arlys, na mgeni asiyemjua alikuwa juu ya jiwe lake, akila biskuti. Daktari wa meno kutoka Salem, mteja wa miaka sita, alipiga simu kuuliza kwa nini alitembezwa dakika arobaini, mwaka hadi mwaka, kufika mahali pa dakika sita. Wateja watatu wamefuta siku zao.

"Nililia," anasema Arlys. "Sio siri. Nilikaa kwenye pikapu nikalia kama mtu aliyeuza nyumba ya mama yake."

Alipoulizwa kama anajuta, alisema jiwe ni jiwe, lakini Aprili lori la vifaranga lisipokuja, jiwe hilo halitakuwa la mtu yeyote.

Hadi makala haya yanakwenda mitamboni, idadi kwenye ubao wa Marisela ni 331. Wamebaki sitini na tisa, na siku zimebaki tisa. Mvua kubwa inatabiriwa kuanzia Alhamisi, na mto ukijaa tope hakuna spina itakayoonekana na samaki yeyote. Arlys amefua mabati makubwa zaidi ya shaba kwa ajili ya maji machafu. Dazeni moja amemgawia Orville bure, na Orville amezipokea, ingawa mbele ya watu alisema bado anatafuta ni wapi alipofichiwa ujanja.

Mpango wake mwingine ni kupata kilindi kipya. Anasema ameshakiona. Idadi ya samaki atamwambia Marisela kila siku, mpaka wa mwisho, lakini kuhusu mahali mwandishi asijisumbue.

"Ila safari hii yupo mtu nitakayemwambia," alisema.

Jana asubuhi pikapu ya Arlys ilikuwa kando ya daraja, kwa hiyo ilijulikana kwamba hayupo darajani. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule. Merle alikuwa ameketi dukani kwa Bettendorf, akikoroga kahawa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani, na kwenye kola ya koti lake kulikuwa na jani bichi la msituni. Mwandishi aliketi karibu naye, akamuuliza mke wake anavulia wapi siku hizi.

Merle aliendelea kukoroga kahawa, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Sijui," alisema.

Mwandishi hakumwamini hata kidogo.